Si kila ndege anayeelea juu ni mwewe: namna ya kuwatambua ndege wawindaji wakiwa angani

Kuku akitoa ile sauti yake ya kuonya vifaranga, kila aliye uani hutazama juu na mtoto mmoja hupiga kelele: "Mwewe!" Mara nyingi anayepita ni mwewe kweli. Lakini mara nyingine ni pungu anayetafuta nyoka, au tumbusi ambaye hajawahi kubeba kifaranga maishani mwake. Wote wanaitwa jina moja, na wote wanabeba lawama moja.

Makala hii inakusaidia, ndugu msikilizaji, kuwatofautisha ndege hawa wakiwa hewani, bila darubini. Faida ni mbili: utajua ni yupi wa kumlindia vifaranga, na hutamdhuru asiye na kosa.

Gongoni ni kata ya Manispaa ya Tabora, mji uliokuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Mjini kuna miembe mikubwa, mabucha na masoko. Ukitoka nje kidogo unakuta mashamba ya mahindi na tumbaku, kisha misitu ya miombo. Kila mahali pana ndege wake, na wote hupita juu ya paa lako.

Maswali manne ya kujiuliza

Rangi hudanganya. Ndege akiwa juu, jua likiwa nyuma yake, utaona kivuli cheusi tu. Tena makinda ya ndege wengi wawindaji huwa ya rangi ya kahawia, hata kama wazazi wao wana rangi nyingine. Kwa hiyo anza na umbo:

1. Mkia ukoje: una panda, ni mrefu, ni mfupi, au kama haupo?
2. Mabawa yakoje: mapana, yamechongoka, au mafupi ya mviringo?
3. Anarukaje: anaelea bila kupiga mabawa, anapiga na kuelea, au anasimama hewani?
4. Yuko wapi: juu ya maji, juu ya mabucha, katikati ya miti, au juu sana?

Mwewe: tazama mkia

Mwewe ana mkia wenye panda, na huugeuzageuza huku na huku kama usukani. Hakuna ndege mwingine wa ukubwa wake hapa kwetu anayefanya hivyo kila wakati. Angalia asikudanganye: akiutandaza mkia wote, panda hupungua na mkia huonekana umenyooka. Subiri ageuke, utaiona tena. Mabawa yake ni marefu, na huyakunja kidogo katikati.

Huyu ndiye anayezunguka juu ya mabucha na majalala, anayenyakua nyama na kuila akiwa bado anaruka. Shamba linapochomwa moto, hufika haraka kukamata panzi wanaokimbia. Vifaranga anachukua kweli, hasa walio peupe mbali na mama yao.

Kipanga: mwizi wa kushtukiza

Kipanga ni mdogo kuliko mwewe. Mabawa yake ni mafupi ya mviringo na mkia ni mrefu. Hupiga mabawa haraka mara chache, akaelea kidogo, akapiga tena. Hazunguki juu kwa muda mrefu. Hutokea chini chini katikati ya miti, na unapomwona ameshafika. Ukisikia kelele za kuku lakini angani huoni kitu, mshuku huyu.

Tena, siku nyingine mwizi si ndege kabisa. Nguchiro na paka-pori huchukua vifaranga, na nyoka humeza mayai. Hawa hawaonekani angani, kwa hiyo lawama huenda kwa aliyeonekana.

Kozi: mabawa kama mundu

Ndege mwenye mabawa membamba yaliyochongoka, anayekata hewa kwa kasi, ni kozi. Wako wa aina nyingi. Mmoja wao, anapojitupa kutoka juu kumfuata ndege mwenzake, hupita kasi ya kilomita 300 kwa saa. Hakuna mnyama mwingine mwenye kasi hiyo.

Mvua zinapoanza na kumbikumbi kutoka, unaweza kuona kozi wadogo wengi kwa pamoja. Baadhi yao wametoka mashariki ya Siberia na kaskazini ya China, wakavuka Bahari ya Hindi, na wako safarini kwenda kusini mwa Afrika. Chakula chao ni wadudu. Kuku wako hawana neno nao.

Pungu: ndege asiye na mkia

Ukiona ndege mkubwa mwenye mabawa marefu ambaye ni kama amekatwa mkia, huyo ni pungu. Mkia wake ni mfupi kiasi kwamba miguu hutokeza nyuma yake. Huyainua mabawa juu kidogo na kuyumba kushoto na kulia, kama mtu anayetembea juu ya kamba. Mkubwa ana uso na miguu myekundu. Ukimtazama kwa chini, bawa la jike ni jeupe lenye ukingo mwembamba mweusi. La dume ukingo wake mweusi ni mpana.

Pungu hula nyoka, wanyama wadogo na mizoga. Hutaga yai moja tu, na kinda huchukua miaka kama saba kupata rangi za utu uzima.

Tumbusi: mlango mkubwa angani

Wengi tunamwita tai tu, lakini tumbusi ni mla mizoga. Mabawa yake ni mapana sana kama mlango. Kwa tumbusi mgongo-mweupe huzidi mita mbili kutoka ncha hadi ncha, na manyoya ya mwisho hutawanyika kama vidole. Mkia ni mfupi, na kichwa huonekana kidogo kwa sababu hukunja shingo. Hungoja jua lipande na hewa ipate joto, kisha huelea akizunguka bila kupiga mabawa.

Miguu ya tumbusi ni ya kutembelea na kusimama. Haina nguvu ya kunyakua na kubeba. Ukimwona juu ya mzoga wa mbuzi, amekuja baada ya kifo.

Tai wengine utakaowaona

Penye maji, kama bwawa la Igombe, mtafute furukombe: kichwa, kifua na mkia ni vyeupe, mabawa meusi, na mlio wake husikika mbali. Huyu ni mvuvi.

Tai mweusi mwenye kishungi kirefu kichwani, anayekaa juu ya nguzo na anayeonyesha mabaka meupe kwenye mabawa akiruka, hula panya. Vivyo hivyo ndege mdogo wa rangi ya kijivu na nyeupe anayesimama hewani juu ya shamba akipiga mabawa pale pale. Hawa wanakufanyia kazi bila malipo. Ukiwaua, panya watashukuru.

Tuseme ukweli pia: yupo tai mkubwa sana, kichwa na kifua rangi nyeusi-kahawia, tumbo jeupe lenye madoa, anayeweza kuchukua kuku, kanga na hata mwanambuzi. Ni adimu, kwa sababu jozi moja huhitaji eneo kubwa mno.

Sumu humpata nani?

Fisi akiua ng'ombe, wapo wanaopaka mzoga dawa ya kuulia wadudu. Wamemkusudia fisi, lakini wanaofika mapema ni pungu, kwa sababu huruka chini na huona hata kipande kidogo cha nyama. Kisha huja tumbusi kwa makumi. Mwaka 2019 nchini Botswana, tumbusi zaidi ya 500 walikufa katika tukio moja la sumu. Tangu mwaka 2015, tumbusi mgongo-mweupe amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Hasara yake waliiona India. Katika miaka ya 1990 tumbusi walikufa kwa mamilioni baada ya kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki. Mizoga ikabaki, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na hofu ya kichaa cha mbwa ikaongezeka nao. Serikali ya India iliipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006.

Ufanye nini nyumbani

Funika vifaranga kwa tenga katika wiki za kwanza, au wafungie kwenye banda lenye wavu hata juu. Waache watembee penye vichaka na vivuli pa kujificha, na usitupe matumbo ya kuku au samaki uani, kwa kuwa ndiyo yanayomwita mwewe.

Ukikuta ndege kadhaa wamekufa karibu na mzoga, usiwaguse kwa mikono mitupu, usiwale, na zuia mbwa na watoto. Piga picha kwa simu ukiwa mbali, kisha mjulishe mtendaji wa kijiji au afisa wanyamapori. Kuwinda wanyamapori bila kibali na kuwawekea sumu ni kosa kisheria.

Na kesho mtoto akipiga kelele "Mwewe!", muulize kwanza: mkia wake ukoje?