Jasho la viganja na dawa iliyoanzia mikononi mwa daktari

[Muziki unapanda, unashuka]

Leo tunaongelea jasho. Si lile la kulima saa sita mchana, maana hilo kila mtu analijua. Tunaongelea viganja vinavyochuruzika mtu akiwa ameketi kivulini, nyayo zinazoteleza ndani ya kandambili, makwapa yanayolowanisha shati asubuhi ya baridi.

Tumepata barua ya kijana mmoja wa sekondari. Anasema karatasi yake ya mtihani inalowa mpaka wino unasambaa. Wakati wa kupeana amani kanisani, yeye anajificha nyuma. Siku ya mgao wa chakula, mashine ya vidole ilikataa kumsoma mara nne, watu wa nyuma wakaanza kunung'unika, akaambiwa akae pembeni. Nyumbani kuna ndugu anayesema amerogwa. Anauliza: je, kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuwa hivi?

Wapo, tena wengi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulikuta karibu watu 3 katika kila 100 wanatoka jasho kupita kiasi. Mara nyingi huanza utotoni au wakati wa kubalehe, na mara nyingi kuna mtu mwingine katika ukoo mwenye hali hiyo hiyo.

Kuhusu kurogwa, tumsikilize Yas Kuno, mtaalamu wa Japani aliyechunguza jasho kwa miaka mingi na kutoa kitabu mwaka 1934. Mwili una tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4. Kuno alionyesha kwamba zile za mgongoni na kifuani hufuata joto, lakini za viganja na nyayo hufuata mawazo: hofu, haraka, kuangaliwa na watu. Sasa fikiri mwenyewe. Kijana anaogopa mashine isimkatae, hofu inaleta jasho, jasho linaifanya mashine imkatae, na mwezi unaofuata hofu ni kubwa zaidi. Hapa Uganda, katika uhakiki wa mwaka 2018, tulipigwa alama za vidole na mboni za macho pia. Kwa hiyo, ndugu yetu, beba kitambaa kikavu, futa vidole kabla hujafika mbele, na kama kimoja kimekataa omba wajaribu kingine.

Dawa ya kwanza ni ya zamani sana, na baadhi yenu mko nayo nyumbani. Ni shabu, lile jiwe jeupe kama barafu ambalo vinyozi hupaka kidevuni baada ya wembe, na ambalo akina mama hutumia kutuliza maji yenye tope. Jina lake limetoka Kiarabu. Misri ya kale waliichimba katika jangwa lao la magharibi. Shabu ni chumvi yenye alumini ndani yake, na kumbukeni hilo neno alumini, maana ndilo linaloendelea mpaka leo.

Turuke mpaka Marekani, mji wa Cincinnati, karibu mwaka 1910. Kulikuwa na daktari mpasuaji aliyesumbuliwa na jasho la mikono akiwa chumba cha upasuaji. Akajitengenezea dawa ya maji yenye chumvi nyingine ya alumini, iliyo kali kuliko shabu. Binti yake, Edna Murphey, alikuwa mwanafunzi wa sekondari. Alikopa dola 150 kwa babu yake akaanza kuiuza kwa jina la Odorono. Miaka miwili biashara ilisuasua. Mwaka 1912 akaipeleka kwenye maonyesho ya Atlantic City, kiangazi kikali, watu wanalowa, na hapo ikapata wanunuzi. Haikuwa dawa ya upole. Ilikuwa nyekundu, ina asidi, inachoma ngozi na kuharibu nguo. Watu waliambiwa waipake kabla ya kulala ili ikauke.

Halafu mwaka 1919 wakatoa tangazo katika gazeti la akina mama. Lilimwambia mwanamke kwamba huenda ananuka kwapa bila kujijua, na watu hawatamwambia. Wasomaji kama 200 walikasirika wakaacha kununua gazeti hilo. Lakini mwaka uliofuata mauzo yalizidi mara mbili, yakafika dola 417,000. Mimi naona hapo ndipo mambo yalipopinda. Dawa ilianza kwa sababu ya mikono ya daktari anayefanya kazi, ikageuzwa kuwa biashara ya aibu, na mwenye viganja vya maji akasahauliwa. Mpaka leo tukisema jasho watu wanafikiria harufu.

Madaktari waliendelea. Mwaka 1975 Shelley na Hurley wa Marekani walieleza namna bora ya kutumia alumini kloridi: ipakwe usiku, kwenye ngozi kavu kabisa, ioshwe asubuhi. Usiku tezi zinapumzika, na dawa inapata nafasi ya kuziba vijitundu. Inafaa zaidi makwapani. Viganjani inasaidia wengine. Usipake juu ya kidonda wala mara tu baada ya kunyoa. Ikiwasha sana, punguza siku.

Kwa viganja kuna njia ya umeme hafifu unaopita ndani ya maji ya kawaida, mikono ikiwa imetumbukizwa. Ilielezwa mwaka 1952, na mwaka 1968 daktari Levit akaonyesha kifaa rahisi. Nawaomba, asiwepo wa kujaribu na betri ya sola. Kifaa hicho ni cha hospitali. Upasuaji wa kukata neva ulianza 1920, ila wengi waliokatwa viganja vikakauka, mgongo na tumbo vikaanza kulowa. Sindano ya botulinamu iliruhusiwa Marekani kwa makwapa mwaka 2004. Inakaa miezi kadhaa na bei yake si ya huku kwetu.

Sasa, jasho jingine si la kungoja. Ukilowa usiku hadi shuka, una kikohozi cha wiki mbili au unakonda, nenda ukapimwe kifua kikuu. Ukilowa na homa, pima malaria. Ukitetemeka, moyo unakwenda mbio na shingo imevimba, mwambie mhudumu wa kituo cha afya hayo yote matatu kwa pamoja, asiandike jasho peke yake.

[Muziki]