Wimbo Uliofungua Daftari

Tulipoanza kuandika historia ya kikundi chetu, kila mama alisema, "Mimi sina la kuandikwa." Basi tukaweka kanda ya Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyeuza vyungu kabla ya kwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, na ambaye wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert. Wimbo haujaisha, mwenzetu mmoja akatokwa na machozi: "Huu mama akiuimba huku anasuka ukili. Pesa ya ukili ule ndiyo iliyonilipia hisa ya kwanza!" Jamani, miaka kumi hatukulijua hilo! Siku ile tuliandika hadi magharibi. Kina mama, tusizidharau nyimbo za zamani. Ndani yake mna akiba. Wazee wetu wangalipo, tuwaulize.