Oosisti: Kifuko cha vimelea kinachohimili klorini

OOSISTI ni kifuko kidogo mno chenye ganda gumu ambamo vimelea fulani vya jamii ya protozoa hujihifadhi vinapotoka mwilini mwa mnyama. Hutoka pamoja na kinyesi na kusubiri kumezwa na mnyama mwingine. Ndani ya ganda hilo kimelea chaweza kuishi miezi kadhaa katika udongo au maji, na dawa nyingi za kuua viini hazikidhuru.

Katika eneo la Butere, Kaunti ya Kakamega, jambo hili lagusa mifugo na watoto pia. Mvua hunyesha kwa wingi, mashamba ni madogo, na aghalabu kuku, ndama, jiko na chemchemi havitengani sana. Si ajabu kuku kulazwa jikoni usiku ili wasiibwe.

Kuku

Kwa Waluhya, kuku, au ingokho, ni kitoweo cha kumheshimu mgeni, na ni akiba ya mama anapohitaji karo au dawa. Adui mkubwa wa vifaranga ni koksidiosisi, maradhi yanayoletwa na vimelea vya Eimeria. Aina kadhaa za vimelea hivi hushambulia kuku, na ile iitwayo Eimeria tenella husababisha kuhara damu.

Oosisti ya Eimeria ikitoka kwenye kinyesi haiwezi kuambukiza papo hapo. Huhitaji joto, hewa na unyevu, kisha hukomaa kwa muda wa siku moja au mbili. Hapa ndipo mfugaji hupata nafasi yake: matandazo yakiwa makavu, oosisti nyingi hushindwa kukomaa. Matandazo yaliyolowa karibu na chombo cha maji yaondolewe mara moja, vyombo viinuliwe visichafuliwe na kinyesi, na vifaranga watengwe na kuku wakubwa, ambao huweza kusambaza vimelea bila kuonyesha dalili.

Kifaranga mgonjwa husinzia, hushusha mabawa, hukataa chakula na kuhara. Dawa kama vile amproliamu hutiwa katika maji ya kunywa, lakini ni vyema afisa wa mifugo athibitishe ugonjwa kwanza. Eimeria ya kuku haimwambukizi binadamu wala ng'ombe.

Ndama na watoto

Cryptosporidium ni tofauti. Oosisti yake, yenye upana wa takriban mikroni tano, yaani sehemu tano za elfu moja za milimita, huwa tayari kuambukiza inapotoka tu. Chache mno, hata kumi, zaweza kumwambukiza mtu. Ndama wa umri wa majuma machache huzitoa kwa mamilioni anapohara, na mvua huzikokota hadi kwenye mito na visima. Aina nyingine ya kimelea hiki huenezwa na binadamu kwa binadamu.

Uchunguzi mkubwa wa kimataifa kuhusu kuhara kwa watoto, uliofanywa katika mataifa saba na kuchapishwa mwaka 2013, ulihusisha pia Siaya, kaunti inayopakana na Butere. Ulionyesha kwamba miongoni mwa watoto wachanga, Cryptosporidium ilikuwa ya pili baada ya virusi vya rota kwa kusababisha kuhara kukali. Walio hatarini zaidi ni watoto wenye utapiamlo na watu ambao kinga yao imedhoofishwa na virusi vya Ukimwi.

Klorini haitoshi. Mnamo 1993 mjini Milwaukee, Marekani, watu wapatao 400,000 waliugua baada ya kimelea hiki kupenya mtambo wa kusafisha maji, ingawa maji yale yalikuwa yametiwa dawa. Hata hivyo, klorini isiachwe, maana huua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo. Kwa maji ya kunywa, hasa ya mtoto, njia ya hakika ni kuyachemsha hadi yatokote kwa dakika moja.

Kinga

Ndama anayehara atengwe, na watoto wasicheze zizini. Anayemhudumia anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka; sabuni haiui oosisti, bali huiondoa mikononi. Samadi irundikwe mbali na chemchemi na iachwe ioze kwa joto kabla ya kutiwa kwenye mboga. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza.

Mtoto anayehara apewe maji yenye chumvi maalumu za kurejesha maji mwilini pamoja na zinki, na apelekwe kituo cha afya. Kuhara kukiendelea kwa majuma mawili, mzazi amweleze mhudumu iwapo nyumbani kuna ndama mgonjwa, kwa sababu vipimo vya kawaida vya kinyesi huweza kukikosa kimelea hiki kisipotafutwa mahsusi.