JINA LIMO NDANI YA MPINI: Wanavyomtambua mhunzi wa upanga wa Kijapani

Jana sikupost, nilikuwa zamu ya usiku. Leo niko off, tuendelee na mfululizo wetu wa historia. Kuna ndugu aliniuliza inbox: "Sista, upanga wa Kijapani wa miaka 500, wanajuaje nani aliutengeneza?" Jibu ni refu kidogo, vuta kiti.

1. KWANZA UNAVULIWA
Mpini wa upanga wa samurai haujagundishwa. Unashikiliwa na kijiti cha mwanzi kinachopita kwenye tundu. Ukikisukuma kikatoka, mpini unavuka na unauona msuka, yaani kile kipande cha chuma kinachozama ndani ya mpini, kama cha jembe au kisu. Wajapani wanakiita nakago. Hapo ndipo mhunzi alipochonga jina lake kwa tindo na nyundo. Jina hilo wanaliita mei. Mwenye upanga angeweza kuuvaa miaka bila kuliona.

2. KINACHOSOMEKA HAPO
Kwa kawaida upande mmoja unakuta jimbo, mji na jina la mhunzi. Upande wa pili, kama upo, ni tarehe. Ila mwaka wanauhesabu kwa zama. Ukikuta "mwaka wa 2 wa Eishō", hiyo ni 1505. Mwezi mara nyingi ni wa 2 au wa 8, hata kama kazi haikufanyika mwezi huo, ilikuwa desturi.

Panga nyingine zina maandishi ya tatu. Karne ya 17, mjini Edo (Tokyo ya leo), walikuwepo wajaribu panga wa ukoo wa Yamano. Walikata maiti za wahalifu waliokatwa vichwa, halafu matokeo yanaandikwa kwenye msuka, mara nyingi kwa dhahabu: miili miwili imekatwa kwa pigo moja. Mimi niliyefundishwa kuisitiri maiti, hapo nilinyamaza kidogo.

3. SUKESADA YUPI?
Sasa utasema: si jina limeandikwa, kazi imeisha? Haijaisha. Kijiji cha Osafune, jimbo la Bizen, kilikuwa na wahunzi wengi waliosaini Sukesada. Karne ya 15 na ya 16 Japani ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe, panga zilitakiwa kwa wingi, na jina hilo moja likagongwa kwenye panga nyingi mno, nzuri na za kawaida. Wajuzi wanatafuta jina la pili, la mtu binafsi. Ukiona Yosōzaemon no jō Sukesada, hapo umempata mtu, na mara nyingi ni kazi iliyoagizwa maalumu.

Niwape cha kwangu. Mwaka wangu wa pili kazini, tulikuwa na wagonjwa wawili wodi moja: jina la kwanza moja, la baba moja, vitanda vinafuatana. Nilishika sindano ya insulini, nikaita jina, akaitika "abee". Nimeshapangusa ngozi kwa spiriti, ndugu yake akasema, "Sista, huyu wetu hana sukari." Mkono uliishiwa nguvu. Jina lilikuwa sahihi kabisa. Mtu ndiye hakuwa yeye.

4. JINA KUBWA LINATIA SHAKA
Masamune wa Sagami, aliyefanya kazi mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa ya 14, ndiye mhunzi maarufu kuliko wote. Lakini panga alizosaini zilizobaki ni chache mno. Kwa hiyo ukiletewa upanga umeandikwa Masamune, mjuzi hafurahi, anakunja uso. Kotetsu wa Edo naye, fundi wa mavazi ya vita aliyegeukia panga karne ya 17, alighushiwa sana. Saini ya kughushi inaitwa gimei.

Wanaikamataje? Wana nakala za saini za kweli zilizochukuliwa kwenye karatasi. Wanalinganisha mkwaruzo kwa mkwaruzo: tindo iliingia kwa pembe gani, herufi inapinda wapi, alama za tupa zimelala upande gani. Kisha wanageukia upanga wenyewe, chuma chake na ule mchoro wa wimbi kwenye makali. Mwili usipokubaliana na jina, mwili ndio unaoaminiwa.

5. JINA LILILOKATWA
Panga ndefu za wapanda farasi baadaye zilifupishwa, na zilikatwa kwa kuanzia chini, kwenye msuka. Jina likaenda na kipande. Kuna waliolikunja lisipotee, kuna waliolichomoa na kulipachika upya. Yaliyopotea, ukoo wa wakaguzi wa Hon'ami waliuchunguza upanga na mara nyingine wakaandika kwa dhahabu jina la mhunzi waliyeona ndiye. Kumbuka hapo: jina la dhahabu la namna hiyo si sauti ya mhunzi, ni maoni ya mkaguzi. Sawa na daktari anapoandika ugonjwa kwenye faili. Huenda yuko sahihi, ila ni yeye aliyesema, si ugonjwa.

6. USIFUTE KUTU
Baada ya vita vya 1945 wanajeshi wa Marekani walirudi kwao na panga nyingi za Kijapani, nyingine za kiwandani zenye mhuri, nyingine za kale. Wajukuu wanazikuta darini, wanaona msuka una kutu, wanachukua msasa wanasugua ung'ae. Kwa nia njema kabisa. Kumbe ile kutu nyeusi-kahawia ni ushahidi: imechukua mamia ya miaka, na inatakiwa iwe sawa ndani ya herufi na nje yake. Kama herufi zimekata kutu ya zamani na ndani zina rangi mpya, jina liliongezwa baadaye. Ukiisugua, hakuna tena wa kujua. Ndiyo maana mafundi wa Japani husafisha makali lakini msuka hawaugusi.

Mimi siku hizi nauliza jina, nauliza umri, naangalia namba ya faili, ndipo nashika sindano. Wagonjwa wengine wanachoka: "Sista, si uliniuliza asubuhi?" Nawaambia, nilikuuliza, na jioni nitakuuliza tena.

Kesho niko zamu ya asubuhi. Maswali wekeni hapo chini, nitajibu nikitoka.