Kipupwe si baridi ya Ulaya: majira yetu, pepo zetu na historia yetu



Juzi binti yangu karudi skuli na karatasi yenye picha nne za mti mmoja. Picha ya kwanza mti una maua, ya pili umejaa majani, ya tatu majani yanapukutika, ya nne mti mtupu na theluji juu yake. Katakiwa aandike majina ya majira hayo manne kwa lugha ya kwao. Mie nikaona kazi nyepesi hii. Kuna tafsiri tulizozizoea: baridi ya Ulaya ni kipupwe, majani yakipukutika ni vuli, mti ukichipua ni masika. Nikashika kalamu, mkono ukasita.

Kipupwe ninachokijua mie ni Juni, Julai na Agosti, wakati bibi alfajiri hujitanda kanga mbili akilalamika baridi. Hapa Uingereza Julai ndo watu wanakula aiskrimu bustanini. Vuli ninayoijua ni mvua ndogo za Oktoba mpaka Disemba, majani yanamea, hayapukutiki! Tumechukua majina yetu tukawavika watu wengine, na yetu wenyewe tumeyavua nguo. Hili ndo ninalotaka tulizungumze, kwa sababu si suala la kamusi tu, ni suala la historia yetu.

Wazungu wa kaskazini huyapanga majira yao kwa baridi na joto, na kwa urefu wa mchana. Kwetu vitu hivyo havibadiliki sana. Unguja iko kama digrii 6 kusini ya Ikweta, na tofauti baina ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka haifiki saa moja. Kwa hivo wazee wetu walitazama kitu chengine, nacho ni UPEPO. Kaskazi huvuma kuanzia kiasi cha Disemba mpaka Machi. Kisha upepo hugeuka, mvua za masika zinateremka, na kusi linashika mpaka kiasi cha Septemba. Ndani ya kusi mna kipupwe, na kusi likianza kulegea ndo demani, bahari inatulia. Baina ya pepo mbili kuna maleleji, upepo haujui unakotaka kwenda. Kila jina lilikuwa na kazi yake: sasa lima, sasa panda, sasa pandisha chombo pwani ukipake sifa, sasa tweka tanga.

Ajabu ni kuwa upepo huuhuu mmoja una majina mengi duniani. Kusi linalotupiga Unguja na Mombasa hutokea kusini mashariki. Likivuka Ikweta hupinda, likaenda kuipiga Bara Arabu na Bara Hindi kutoka kusini magharibi. Kwa Wahindi wa Kerala hilo ndo mvua kubwa, nayo hufika kiasi cha mwanzo wa Juni. Na ndugu zetu mlioko Oman mnajua vizuri: upepo huo ukifika Salalah ndo khareef, kuanzia Juni mpaka Septemba, manyunyu na ukungu, milima yote kijani, na watu wa Ghuba wanamiminika kuja kupata ubaridi. Siku hizohizo Maskati joto linapita digrii 40. Na neno kharif lenyewe kwa Kiarabu cha vitabuni ni majira baada ya kiangazi, si hayo ya Juni! Kwa hivo hata Waarabu jina moja limewapa maana mbili, kila mtu na pahala pake. Kila chombo kwa wimbile.

Tazameni tena neno msimu. Asili yake ni mawsim ya Kiarabu, yaani wakati maalumu wa jambo fulani. Wareno walilichukua hilohilo, na kutoka kwao Waingereza wakapata "monsoon". Mabaharia wa Ulaya walipofika bahari yetu ilibidi waazime neno la wenyeji.

Na darsa hilo liliwagharimu. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi linaanza, naye ana rubani anayeijua njia. Akafika Calicut mwezi wa Mei, safari isiyotimia siku thalathini. (Wengi tulifundishwa kuwa rubani huyo ni Ahmad bin Majid, mwanachuoni mkubwa wa bahari kutoka Julfar, watafiti wengi sasa hawakubali.) Lakini kurudi, da Gama hakungojea upepo. Aliondoka pwani ya India mwanzo wa Oktoba, kaskazi bado haijashika. Akakaa baharini kiasi cha miezi mitatu, akauona mji wa Mogadishu tarehe 2 Januari 1499. Mabaharia wake wengi walikufa kwa ugonjwa wa fizi, na waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vyote, wakaichoma moto jahazi yao São Rafael kwenye pwani yetu. Bahari ni ileile na njia ni ileile, ila wakati ndo haukuwa wake.

Sasa mtu atauliza, wazee walijuaje tarehe? Miezi yetu ya Kiislamu inafuata mwandamo, na kila mwaka inarudi nyuma kiasi cha siku 11. Inatosha kwa ibada, lakini haiwezi kumwambia mkulima lini apande wala nahodha lini atweke. Kwa hivo watu wa bahari hii walikuwa na hesabu ya pili, NAIRUZI, iliyotoka Uajemi: mwaka wa siku 365, umegawiwa kwa miongo, siku kumikumi, miongo 36, na siku tano za nyongeza. Ahmad bin Majid katika kitabu chake cha ubaharia cha mwisho wa karne ya 15 anataja siku za kusafiri kwa hesabu hiyohiyo. Na sisi tumebakiwa na Siku ya Mwaka, inayosherehekewa Makunduchi mwezi wa Julai, Mwaka Kogwa. Wengi siku hizi huiona kama ngoma ya watalii, watu wanapigana kwa magome ya migomba na kibanda kinachomwa. Lakini asili yake ni kalenda. Ni siku ya kufunga hesabu ya zamani na kuanza mpya.

Msimu ndo uliotujenga. Mfanyabiashara wa Sur au wa Kutch akija na kaskazi hakuweza kurudi kabla upepo haujageuka. Alikaa miezi, akapanga nyumba, akajifunza lugha, wengine wakaoa. Wangapi katika sisi asili yao ni babu aliyekuwa akingojea upepo? Lakini tusiisimulie historia nusunusu. Upepo huohuo ulibeba watumwa. Karne ya 19 vyombo vya kutoka kaskazini vikijaa bandarini Unguja, watu waliwaficha watoto wao wasije wakaibiwa. Biashara hiyo ilijulikana wazi kuwa inakwenda kwa msimu, ndo maana miaka ya 1860 Seyyid Majid alipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini katika miezi ya pepo hizo, kabla ya mkataba wa Seyyid Barghash wa 1873 uliofunga soko kabisa. Kwa hivo kuna ambaye babu yake alingojea upepo, na kuna ambaye babu yake aliuogopa. Wote ni sisi.

Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, na 1872 meli za moshi za barua zikaanza kuja Unguja kwa ratiba. Meli ya moshi haimuulizi mtu kusi wala kaskazi. Majahazi hayakufa siku moja: Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri na jahazi la Kuwait msimu wa 1938 na 1939 mpaka Unguja na delta ya Rufiji kuchukua boriti za mikoko. Lakini bandu bandu huisha gogo. Leo mtu anapanda ndege Maskati alfajiri, mchana yuko Unguja, na hakuna aliyemuuliza upepo.

Na sie tulioko ughaibuni tumetupwa katika hesabu nyengine kabisa. Kwetu saa kumi na mbili jioni ni magharibi, mwaka mzima. Hapa London, Disemba jua linatua kabla ya saa kumi, na Juni linatua saa tatu na kitu usiku. Saa yetu ya Kiswahili imechanganyikiwa! Wanaokumbuka Ramadhani ya Juni 2015 hawahitaji kuelezwa, saa kumi na nane na zaidi bila ya tone la maji. Bibi aliponipigia simu na kunambia "funga nyepesi mwaka huu, kipupwe", nilicheka mpaka machozi.

Basi karatasi ya binti yangu niliijibu hivi. Chini ya picha nne aliandika maelezo tu: miti kuchipua, joto, majani kupukutika, baridi na theluji. Nyuma ya karatasi tukaandika yetu: kaskazi, masika, kusi, kipupwe, demani, vuli. Mwalimu kamuuliza mbona sita. Kamjibu, kwa sababu kwetu tunahesabu upepo na mvua.

Ndugu zangu, tuliobahatika kuwa na wazee Makunduchi, Pemba, Lamu, Sur, tuwapigie simu tuwaulize: mwongo gani mlipanda mtama? Mwongo gani bahari ilifungwa? Tuyaandike wakiwa hai. Maana kamusi itaendelea kuchapishwa, lakini wanaoijua hesabu hii kwa kichwa wanapungua kila mwaka.

Wassalaam.