Joto Halina Jina Moja

Mtu akiunda kompyuta ya mezani kwa mikono yake, akaiwasha na kukuta programu ya vipimo inasoma nyuzi 94, atasema moja kati ya haya: "inapata moto", "inachemka", au "ina joto sana". Fundi atamwelewa, lakini hatajua aanzie wapi, kwa sababu maneno yote matatu yanataja ukali tu. Hayasemi joto limekwama wapi wala limepanda vipi. Nami nashikilia kwamba Kiswahili kinayo maneno yanayosema hayo mawili, na kwamba mwenye kuyatumia vizuri ameshamaliza nusu ya kazi ya fundi. Wewe mlinzi mwenzangu wa lugha, tuyapime moja moja.

Kuchemka tumelirithi kutoka gereji. Gari huchemsha kwa kuwa rejeta yake ina maji, na maji yakifika mahali pake huchemka kweli. Kichakataji hakina cha kuchemka. Ni sadfa tu kwamba ukomo wa vichakataji vingi vya Intel ni nyuzi 100, pale pale maji yanapochemkia pwani. Tena mitaani kuchemsha ni kufeli, na kompyuta yenye joto kali haijafeli bado. Neno hili tuwaachie wenye magari.

Kuunda ndilo tendo lililotangulia, na hapa wengi huteleza. Utasikia kijana akisema "nimejenga kompyuta". Nyumba hujengwa, chombo huundwa. Waliotengeneza majahazi waliitwa waundaji, si wajenzi, na kazi yao ilikuwa kuchagua vipande, kuvioanisha na kuvikaza mpaka chombo kielee. Aliyepachika kichakataji kwenye ubaomama na kukaza skrubu amefanya kazi ya ukoo huo. Ameunda. Na kama kuna kiungo ambacho hakikukazwa, kitajulikana siku ya kushusha chombo majini.

Kichakataji wapo wanaolikwepa, wakaona "prosesa" inatosha. Mimi nalitetea. Kuchakata ni neno la viwanda vya mkonge vya Tanga: jani linaingia kwenye mashine, linapondwa, singa zinatoka upande mmoja na makapi upande mwingine. Kichakataji cha kompyuta nacho kina singa na makapi yake. Singa ni hesabu zilizokamilika. Makapi ni joto. Karibu umeme wote unaoingia humo huishia kuwa joto, hivyo cha wati 105 ni kitu cha kumwaga wati 105 za makapi kutoka kwenye kibati kisichotosha kiganja. Prosesa haikuambii hayo. Kichakataji linakudokeza kwamba makapi lazima yapate pa kutokea.

Sasa kipimo chenyewe. Tunayo halijoto, tunayo jotoridi, na kwa hesabu tunayo nyuzi au nyuzijoto. Halijoto limeenea katika taarifa za hali ya hewa na halina ubaya. Lakini jotoridi ukilisikiliza unasikia joto mwanzoni na mkia wa baridi mwishoni: kipimo kimoja kinachobeba ncha zote mbili. Barafu ina jotoridi, na chuma cha mhunzi kina jotoridi. Pia linatuepusha na kosa la kuchanganya joto, ambalo ni nishati inayosafiri, na jotoridi, ambalo ni namba tunayoisoma. Feni haipunguzi joto linalozalishwa. Inalisafirisha, na jotoridi ndilo linaloshuka.

Namba yenyewe haisemi kweli siku zote. Mwaka 2017 kampuni ya AMD ilipotoa vichakataji vyake vya kwanza vya Ryzen, aina za 1700X na 1800X zilikuwa zikitaja nyuzi 20 zaidi ya zilizomo, kwa makusudi, ili feni ziendeshwe kwa utaratibu mmoja katika aina zote. Waliokuwa na neno moja tu walihangaika. Wanasheria wetu wana kivumishi kizuri cha kutusaidia: tajwa. Basi tuseme jotoridi tajwa na jotoridi halisi, ili kabla ya kufungua skrubu hata moja tuulize ni lipi tunalolisoma.

Homa ni jina jingine ninalolisikia: "kompyuta ina homa". Linapendeza, ila linahukumu kabla ya kupima. Homa ni joto lililotoka nje ya desturi ya mwili. Ryzen za mfululizo wa 7000, zilizotoka mwaka 2022, zimesanifiwa kupanda hadi nyuzi 95 zikipewa mzigo mzito, na AMD ilisema wazi kwamba hiyo ndiyo desturi yake. Hapo hakuna homa, kuna kikomo tu. Kompyuta ile ile ikifika nyuzi 90 haijapewa kazi yoyote, hapo homa lina mahali.

Twende kwa kinachopoza. Mafundi wa redio wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wa Luthuli Avenue, Nairobi, husema hitsinki kwa kile chuma chenye mapezi, na feni kwa kinachozunguka juu yake. Kwa vyote viwili pamoja napendekeza kipozeo. Tazama lilivyozaliwa: poa, poza, pozea, kipozeo, kama chuja ilivyotupa kichujio. Halihitaji kutafsiriwa kutoka kokote. Lakini chunga irabu. Nimeona "kipoozeo" kwenye maandishi ya biashara, na kupooza ni kulemaa viungo. Herufi moja iliyozidi, na mashine ya kupoza imegeuka mashine ya kupoozesha.

Feni nalo lisisumbuliwe, limeshakuwa letu. Pangaboi lina utamu wake, na nyuma yake naona pankha ya Kihindi kuliko panga la shambani, ila limeganda kwenye dari za nyumba. Kipepeo lingefaa kwa asili yake, maana linatoka kwenye kupepea, lakini mdudu alilitwaa zamani na harudishi.

Kati ya kichakataji na kipozeo hupakwa kitu laini cha kijivu, na hapa ndipo jina baya linapoharibu kazi. Wengine hukiita gundi. Gundi hushikisha, na anayeamini anapaka gundi ataamini kwamba ikizidi itashika zaidi, na kwamba skrubu ni za ziada. Kitu hiki hakishiki chochote. Kazi yake ni kujaza mianya midogo isiyoonekana kwa macho ili hewa isikae humo. "Pesti" halidanganyi, lakini pia halielezi. Mimi nachagua marhamu. Kila mmoja wetu anajua marhamu hupakwa kidogo na kutandazwa nyembamba, na hakuna anayetarajia marhamu kufunga jeraha kama uzi. Tone la ukubwa wa punje ya choroko katikati ya bati la kichakataji cha kawaida, kisha mgandamizo wa kipozeo utalitandaza wenyewe.

Kwa nini hewa ichukiwe hivyo? Kwa sababu hewa ni kihami. Kuhami ni kulinda, na kihami hulinda joto lisipite. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa iliyotulia. Kwa hiyo mwanya mwembamba wa hewa chini ya kipozeo ni ukuta. Kihami na kipitishi ni maneno tuliyoyasoma shuleni kwa ajili ya umeme. Yanafaa kwa joto bila kubadilishwa hata silabi.

Kihami kingine huja kimebandikwa kutoka kiwandani: utando wa plastiki kwenye kitako cha kipozeo kipya, uliowekwa ili shaba isichubuke. Wengi hukisahau hapo. Kanuni imo ndani ya kitenzi chetu: bandua kabla hujabandika. Kiambishi -ua hurudisha tendo nyuma, kama fungua na zibua, na kosa la hapa ni la mpangilio wa vitenzi viwili tu.

Mpitisho na msafara ni maneno ya sayansi ya shule ya msingi ambayo hatuyatumii vya kutosha. Mpitisho ni joto kupita ndani ya vitu vilivyogusana: kutoka kichakataji, kwenye marhamu, hadi kwenye kipozeo. Msafara ni joto kubebwa na hewa inayotembea, likatoka kwenye mapezi hadi nje ya kasha. Msafara! Nani aliyeuchagua huo wingi wa wapagazi, kila mmoja na mzigo wake, akaupa kazi ya kueleza upepo? Astahili shukrani.

Maneno haya mawili ni kipimo cha fundi. Jotoridi likiruka hadi nyuzi 90 ndani ya sekunde chache za kupewa mzigo, na hiyo si desturi ya kichakataji hicho, mpitisho umekatika: utando haukubanduliwa, marhamu haikupakwa, au mguu mmoja wa kipozeo haukuingia. Huo ni ubovu wa mguso. Likipanda polepole kwa dakika nyingi, kisha likashuka ukiondoa ubavu wa kasha, mguso ni mzima na msafara ndio uliozuiwa.

Na joto la msafara uliozuiwa lina jina lake: fukuto. Aliyelala chumba kisicho na dirisha mwezi wa Januari Dar es Salaam hahitaji kuelezwa. Fukuto ni joto lililofungiwa. Kichakataji hakina fukuto. Kasha ndilo lenye fukuto. Nasema kasha kwa makusudi, maana "kesi" tunayo ya mahakamani, na "kesi yangu imejaa vumbi" inatisha zaidi ya ilivyokusudiwa.

Feni za kasha hutofautishwa kwa kazi: ipo inayoingiza hewa na ipo inayoitoa. Mabaharia wa jahazi waliita upande upepo unakotoka goshini, na upande unakokwenda demanini. Napendekeza feni ya goshini kwa ile ya mbele, na feni ya demanini kwa ile ya nyuma. Zote mbili zikiwekwa goshini, msafara hauna mlango mzuri wa kutokea. Baadhi ya feni huchorwa mshale ubavuni. Usipouona, hewa hutokea upande wenye vigingi vinavyoshika mota.

Joto likizidi, kichakataji hupunguza kasi yake. Wapo wanaosema "kinajikaba". Hapana, anayejikaba anajiua. Kinajibana, kama mwenye nyumba anavyobana matumizi mwezi ukiwa mrefu. Likizidi tena, kinajizima. Na hapa sikiliza kitenzi kinavyofanya uchunguzi: "imezimwa", mtu ameizima; "imezimika", umeme umekatika au kifaa kimekufa; "imejizima", imeamua yenyewe ili isiungue. Viambishi vitatu, njia tatu tofauti za kuanza kutafuta. Mteja akikosea kiambishi, fundi atafungua sehemu isiyohusika.

Kutafuta kwenyewe tunakuitaje? Utatuzi ndilo neno lililozoeleka, na asili yake ni nzuri: tata ni mkanganyiko wa nyuzi, tatiza ni kuzikanganya, tatua ni kuzinasua. Lakini utatuzi ni mwisho wa safari. Kabla yake kuna kazi ya kuwinda chanzo, na hiyo naiita msako wa hitilafu. Hitilafu lilitoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya tofauti, na ndivyo fundi anavyofanya: anabadilisha kitu kimoja, anapima, anatazama tofauti. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja ameipoteza hitilafu katikati ya tofauti nyingine.

Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, BAKITA, lipo tangu mwaka 1967, na kazi yake ya kusanifisha istilahi ni kubwa kuliko watu wake. Haliwezi kutangulia kila karakana. Kwa hiyo ombi langu liko kwako: andika kipozeo kwenye tangazo la duka, sema marhamu unapomwagiza kijana dukani, uliza "kuna fukuto au mguso?" kabla ya kushika bisibisi. Ukiona yapo maneno bora kuliko haya, yatumie hayo mbele ya watu ili tuyasikie. Kiswahili hakijapungukiwa na maneno ya kazi hii; kimepungukiwa na wanaoyatamka.