Nguo ya Kushindia, Nguo ya Kutokea

Nyumbani nguo za mtoto tunazigawa mafungu mawili: za kushindia na za kutokea. Ya kushindia imepauka, pengine imeshonewa kiraka, ndiyo anayochezea udongo. Ya kutokea imekunjwa sandukuni, inasubiri kliniki, kanisani, Idi au harusi. Mgawo huu nimekulia nao hapa Singida, na siku hizi najiuliza ulitoka wapi.

Zamani Wanyaturu na Wanyiramba, watu wa kulima na kufuga, walivaa ngozi. Ngozi ya mbuzi iliyolainishwa ilikuwa vazi, na ilikuwa mbeleko pia. Mtoto mdogo hakuhitaji mengi: mgongo wa mama, na pengine uzi au shanga kiunoni. Uzi ule ukianza kumbana, mama anajua mwanawe ananenepa. Ukilegea, anaingiwa na wasiwasi. Kadi ya kliniki yenye mchoro wa uzito ilikuja baadaye sana kufanya kazi ileile.

Karne ya 19 ikaleta kitambaa. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilikatiza Ugogo na pori la Mgunda Mkali, upande ambao leo ni Manyoni, na watemi walidai hongo yao kwa nguo. Henry Morton Stanley alipopita Ituru Januari 1875, wapagazi wake walikuwa wamebeba marobota ya nguo, na safari ile iliishia kwenye mapigano. Bidhaa kuu ilikuwa merikani, pamba nyeupe iliyoletwa Unguja na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, vitambaa vya India vilichukua nafasi. Kitambaa kilipimwa kwa mkono: mikono minne shuka, minane doti. Kilikuwa fedha hasa. Sasa hebu fikiria, nani angemkatia mtoto anayetambaa kipande cha fedha akichezee matopeni? Nadhani mgawo wetu una mizizi hapo: kitambaa kilikuwa cha kutokea kabla hakijawa cha kushindia.

Kisha kanga ikafika kutoka pwani, ikazaa ratiba yake. Ikiwa mpya inavaliwa, ikizoeleka inakuwa mbeleko, ikichakaa inakatwa nepi, na mwisho wake ni tambara la kufutia. Mtoto alipokea nguo mwishoni mwa maisha ya nguo.

Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, tukaamini tutajivika wenyewe. Ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, na baada yake uhaba: foleni, mgawo, na wazazi kugeuza mashati ya baba kuwa gauni za watoto. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba ikamiminika. Kwa mara ya kwanza mtoto wa kawaida wa Singida akawa na nguo zilizoshonwa kwa ajili ya mtoto, ingawa mtoto huyo wa kwanza alikuwa Ulaya au Marekani. Na mama akapata kazi mpya: kuchagua. Mnadani anainama juu ya lundo, anavuta mshono, anapima kwa macho, anaongeza saizi moja kwa sababu "atakua tu".

Ndiyo maana mpwa wangu, anayesomea kompyuta, aliponionyesha aplikesheni anayoibuni, nilikuwa na maswali. Mzazi mwenye haraka anapiga picha nguo za mwanawe, na kila asubuhi simu inamwambia avalishe nini. Wazo si geni. Mwaka 1995 filamu ya Clueless ilimwonyesha binti wa Beverly Hills akipanga mavazi kwa kompyuta. Lakini wazo lile linaanzia kwenye kabati lililojaa. Kwetu uchaguzi mgumu hufanyika mapema zaidi, mnadani, mfukoni kukiwa na elfu tano.

Tulibishana. Alinijibu kwamba wapo wauguzi, walimu na wauza duka mjini wenye droo zilizojaa, wanaotoka alfajiri. Kweli wapo. Nikamwuliza: basi saa hiyo nani anamvalisha mtoto? Ni bibi, au dada wa kazi, na wengi wao hawana simu ya kupangusa. Aplikesheni itamshauri mtu ambaye ameshaondoka nyumbani.

Alinyamaza, kisha akafuta sehemu ya mitindo na rangi. Sasa programu inauliza mambo mengine. Leo kuna upepo? Mji wetu uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Juni na Julai hauna huruma kwa kifua cha mtoto. Anashinda au anatoka? Ipi imeanza kumbana, na itakwenda kwa mdogo yupi? Jibu linatumwa kwa ujumbe mfupi, hata kwenye simu ya kitochi.

Sijui kama itapata soko. Najua mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walipopanga kuondoa mitumba, Marekani ilitishia kuondoa nafuu ya ushuru, na nchi nyingi zikarudi nyuma. Rwanda iliyokataa ikaadhibiwa 2018. Sweta la mtoto wa Iramba lilijadiliwa Washington. Aliyelichagua kwenye lundo hakuulizwa.